Kutoka Dalili Hadi Chanzo: Dhana ya Uzima na Uganga katika Lugha ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kwa miongo kadhaa sasa wataalamu wa afya katika nchi nyingi wamekuwa wakihimiza tiba inayomtazama mgonjwa kwa ukamilifu wake: mwili wake, moyo wake, nyumba yake na kazi yake, tiba inayotafuta chanzo cha ugonjwa badala ya kutuliza dalili peke yake. Mfasiri wa Kiswahili anapokabiliwa na dhana hiyo hukutana na kikwazo kinachochekesha kidogo. Akiiita "tiba ya mtu mzima", msikilizaji ataelewa kuwa ni tiba isiyowahusu watoto. Akiiita "tiba ya mwili mzima", ataulizwa mwili ulio mzima unatibiwa nini.

Kikwazo hicho si upungufu wa lugha. Kinatokea kwa sababu Kiswahili hakikuwahi kuitenganisha dhana ya ukamilifu na dhana ya afya, hata ikawa lazima kuziunganisha upya. Kivumishi "-zima" kinabeba maana ya kutopungua, ya kuwa hai, ya kutougua na ya kukomaa kiumri. Embe zima ni embe ambalo halijakatwa, mtu mzima ni aliyekamilika, na anayeulizwa "U mzima?" anaulizwa kwa pamoja kama yu hai, kama hana ugonjwa na kama hajapungukiwa na kitu. Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Katika Kikuyu, mathalani, shina lenye asili hiyo hiyo, "-gima", lina maana ya ukamilifu na utu uzima, na nomino inayotokana nalo ndiyo inayotumika kutaja afya. Ni urithi wa Kibantu wa kale.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba sarufi na msamiati wa Kiswahili vina nadharia ya ugonjwa ndani yake, na kwamba nadharia hiyo inamsukuma msemaji kutafuta chanzo. Pili, kwamba msukumo huo unaweza kuokoa maisha na pia unaweza kuyachelewesha matibabu, kutegemea mahali ambapo utafutaji unakomea. Tatu, kwamba mgawanyo uliozoeleka siku hizi, unaodai kuwa tiba asili hutibu chanzo na hospitali hutibu dalili, hauungwi mkono na lugha wala na historia.

2. Sarufi ya kuumwa

Ni vyema kuanza na sentensi ya kila siku: "Mtoto anaumwa." Kitenzi "kuumwa" ni kauli ya kutendwa ya "kuuma". Mbwa huuma, nyoka huuma, jeraha huuma. Anayeumwa, kwa mujibu wa umbo la kitenzi, ni mtu anayetendwa na kitu. Lakini mtenda hatajwi. Nafasi yake baada ya kiunganishi "na" imeachwa wazi, na kila mwenye kuisikia sentensi hiyo hujiona ana haki ya kuuliza: anaumwa na nini?

Ni kweli kwamba sentensi hiyo inaweza kukamilishwa kwa kutaja kiungo: "anaumwa na tumbo" au "anaumwa tumbo". Hata hapo tofauti na muundo mwingine inafaa kutazamwa. Katika "tumbo linaniuma", kiima ni tumbo na mtu ni yambwa. Katika "naumwa tumbo", kiima ni mtu, na tumbo limebaki kuwa mahali ambapo maumivu yamejidhihirisha. Muundo wa pili unasema kwamba aliye katika shida ni mtu, si kiungo.

Vitenzi vingine vya maradhi vina umbo hilo hilo. Mtu hushikwa na homa, hupatwa na kifafa, hukumbwa na pepo, hupagawa na shetani, husibiwa na balaa. Kisarufi homa na pepo wanakaa kwenye kiti kimoja. Lugha haiamui ni yupi mtenda wa kweli. Inachosisitiza ni kwamba mtenda yupo na hana budi kujulikana.

Upande wa pili wa sarufi hii unahusu walio karibu na mgonjwa. Kitenzi "kuugua" kinaponyambuliwa kuwa "kuuguza", umbo ni la kutendesha, lakini kwa matumizi ya kawaida maana yake si kumfanya mtu augue. Maana ni kukaa naye katika kuugua kwake: kumwosha, kumlisha, kukesha naye, kuamua apelekwe wapi. Kutokana na kitenzi hicho ndipo lilipopatikana neno "muuguzi". Zaidi ya hapo, Kiswahili kina kitenzi "kuuguliwa". Baba husema "nimeuguliwa na mtoto" kama vile mwingine anavyosema "nimefiwa na mama". Katika miundo hii miwili tukio limempata mmoja, lakini kiima cha sentensi ni yule anayebeba uzito wake. Ugonjwa wa mtoto ni tukio katika maisha ya baba, na sarufi inalitambua hilo waziwazi.

Mwanaanthropolojia John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu utafutaji wa tiba miongoni mwa Wakongo wa Zaire ya Chini, alionyesha kwamba mgonjwa mara chache huamua peke yake; ndugu hukutana, hujadili sababu, huchagua tabibu na humbadilisha inapobidi. Wakongo si Waswahili, lakini anayelifahamu neno "kuuguza" hahitaji maelezo marefu kumwelewa Janzen.

Hata salamu ina ushahidi wake. "Hujambo?" ni ukanushi: anayesalimiwa anaulizwa kama hana jambo. Mgonjwa aliyepata nafuu husemwa kuwa "hajambo kidogo". Afya hapa inaelezwa kama kutokuwa na jambo, na jambo laweza kuwa homa, deni, ugomvi au msiba. Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoidhinishwa mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, liliieleza afya kuwa ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosekana kwa maradhi tu. Mzee anayemuuliza jirani kuhusu hali yake, watoto wake na shamba lake, kisha akaridhika kwamba hana jambo, alikuwa amekwisha kulifanyia kazi wazo hilo bila kuwa na katiba.

3. Kuganga, kuagua na kupima

Nomino "mganga" imechafuka sana katika matumizi ya siku hizi, kiasi kwamba katika magazeti aghalabu huhusishwa na ulaghai. Asili yake ni nzuri kuliko sifa yake. Kitenzi "kuganga" kina maana ya kufunga na kuunga kilichovunjika, na "gango" ni kipande kinachoshikamanisha vitu viwili au kiraka kinachoziba ufa. Kutoka hapo maana ikapanuka hadi kuponya. Methali isemayo "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" inaunganisha maana hizo mbili. Kuganga, basi, ni kurudisha uzima kwa maana yake ya kwanza: kilichokuwa vipande kinakuwa kizima tena.

Kabla ya kuganga palikuwa na kuagua. Mwaguzi ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuijaza ile nafasi iliyoachwa wazi na kitenzi "kuumwa". Kwa ramli, kwa bao, au kwa kumhoji mgonjwa na jamaa zake, alitafuta aliyesababisha. Baadhi ya majibu yake yalikuwa ya mimea na vyakula, mengine ya mizimu iliyosahauliwa, mengine ya majirani wenye kijicho. Steven Feierman, katika utafiti wake juu ya Usambara uliochapishwa mwaka 1990, alieleza kwamba Washambaa walizungumzia hata kuiponya nchi, "kuzifya shi", na kuiharibu, "kubana shi". Mvua iliyokosekana, njaa na ugomvi wa watawala vilihesabiwa kuwa hali ya nchi inayohitaji kugangwa.

Hospitali ilipoingia ilileta kitenzi kingine: kupima. Damu hupimwa, mkojo hupimwa, shinikizo la damu hupimwa. Kitenzi hicho kilitoka kwa wachuuzi na mafundi, kwa mizani na kibaba, na kikaleta nidhamu ya namna yake: kilichopimwa chaweza kupimwa tena na mtu mwingine, na majibu yakilinganishwa kosa litaonekana. Uaguzi haukuwa na kinga hiyo. Aliyetuhumiwa uchawi kutokana na ramli hakuwa na kipimo cha pili cha kumtetea, na katika baadhi ya sehemu za Afrika ya Mashariki vikongwe wamelipa maisha yao kwa sababu hiyo. Kuisifu hamu ya kutafuta chanzo bila kulitaja hilo ni kusema nusu ya ukweli.

Hata hivyo, mgonjwa hakuacha kuagua alipoanza kupimwa. Utafiti wa Susanna Hausmann-Muela na wenzake uliofanywa Ifakara na kuchapishwa mwaka 1998 ulibainisha namna wenyeji walivyoyaunganisha mambo hayo. Iwapo mgonjwa mwenye dalili za malaria alipimwa na vijidudu visionekane, au alitibiwa asipone, baadhi ya watu walieleza kwamba mchawi amevificha vijidudu hivyo visionekane kwa darubini, au ameiga malaria isiyo ya kweli. Walikiri kuwapo kwa vijidudu na uwezo wa darubini. Walichokuwa wakiuliza ni swali ambalo darubini haikulijibu: mbona yeye, mbona sasa, mbona haponi?

4. Mizani ya mwili na safari ya neno safura

Katika miji ya pwani palikuwapo pia tiba ya vitabu. Elimu ya tiba ya Wayunani, iliyopangwa upya na matabibu wa dola za Kiislamu, na zaidi ya wote Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, iliufikia mwambao pamoja na dini na biashara. Kwa mujibu wa elimu hiyo mwili una hali nne, za joto, baridi, ukavu na unyevu, na afya ni kusawazika kwake. Marc Swartz, aliyefanya utafiti wake Mombasa na kuchapisha kitabu mwaka 1991, aliyakuta mawazo haya yakiwa hai katika mazungumzo ya nyumbani: mizani ya mwili, tabia ya mtu, vyakula vya joto na vyakula vya baridi.

Mwanamke aliyejifungua ni mfano unaofahamika na wengi. Kwa siku 40 hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wenye pilipili manga, na huepushwa na baridi na kazi nzito. Mtafiti anaweza kubishana juu ya pilipili manga, lakini hawezi kuukataa msingi wa desturi hiyo, kwamba anayehudumiwa ni mtu na si kizazi chake pekee, na kwamba mapumziko, chakula na watu wa kumsaidia ni sehemu ya dawa.

Katika msamiati wa elimu hiyo kuna neno moja ambalo historia yake inastahili kufuatiliwa, nalo ni "safura". Kwa Kiarabu linatokana na rangi ya manjano na hutaja nyongo, mojawapo ya majimaji manne ambayo wingi au uhaba wake ulidhaniwa kuwa kiini cha maradhi. Waswahili walilitumia kwa mtu aliyepauka, aliyevimba na kuishiwa nguvu. Baadaye ilipogundulika kwamba wengi wa watu wa namna hiyo walikuwa na minyoo midogo inayojishikiza kwenye utumbo na kufyonza damu, neno halikutupwa. Lilihama. Katika kamusi za leo safura ni ugonjwa wa upungufu wa damu unaoletwa na minyoo hiyo.

Nadharia ya nyongo ilikufa, lakini jina lake likakubali chanzo kipya. Ni kosa, basi, kudhani kwamba neno la kale humfunga msemaji wake katika fikra za kale. Lugha za Ulaya nazo zina mizigo ya namna hiyo: "malaria" ni neno la Kitaliano lenye maana ya hewa mbaya, na liliendelea kutumika hata baada ya Ronald Ross kumkuta kijidudu wa ugonjwa huo ndani ya mbu mwaka 1897. Hakuna daktari anayefungua madirisha kwa sababu ya maana ya neno hilo.

Safura inafundisha pia kwamba chanzo si kimoja. Mgonjwa amepauka: dalili. Damu imepungua: sababu ya kupauka. Minyoo inafyonza damu: sababu ya upungufu. Mabuu ya minyoo yaliingia kupitia ngozi ya nyayo: sababu ya minyoo. Ardhi ilichafuliwa kwa kinyesi kwa kuwa hapakuwa na choo, na mgonjwa hakuwa na viatu. Anayempa vidonge vya kuongeza damu amefanya kazi ya kweli. Anayempa dawa ya minyoo amekwenda mbali zaidi. Anayechimba choo amekwenda mbali kuliko wote. Lakini asiyempa vidonge leo kwa hoja kwamba choo ndicho chanzo, huenda kesho asiwe na mgonjwa wa kumchimbia.

5. Degedege: pale jina linapochelewesha

Hatari ya kukomea njiani haionekani waziwazi popote kama katika degedege. Mtoto mwenye homa hukakamaa ghafla, macho humgeuka, viungo hutetemeka, pengine povu humtoka. Neno lenyewe linahusianishwa na "dege", ndege mkubwa, na katika maelezo ya wengi ni kiumbe cha angani kinachompitia mtoto. Kwa sarufi iliyokwisha kuelezwa, mtoto "amepatwa na degedege": nafasi ya mtenda imejazwa tayari.

Tafiti mbili zilizofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 zilionyesha matokeo ya hali hiyo. Akina mama walitofautisha kati ya homa, homa ya malaria na degedege. Malaria ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa kawaida wa hospitali. Degedege ilikuwa ugonjwa mwingine, wenye chanzo kingine, na kwa hiyo wenye tabibu mwingine. Palikuwapo pia imani, iliyoripotiwa katika sehemu mbalimbali za Tanzania, kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Imani hiyo haikuzuka bure. Watoto waliofikishwa hospitalini baada ya siku nzima ya kuhangaika walikuwa mahututi, wengine wakafa muda mfupi baada ya sindano, na waliosalia nyumbani wakayaunganisha matukio hayo mawili.

Kwa utabibu wa hospitali, hali hiyo mara nyingi ilikuwa malaria kali, inayoweza kumuua mtoto mdogo katika saa chache. Muda uliotumika kuijaza nafasi ya mtenda kwa jibu lisilo sahihi ndio uliokuwa muda wa kumwokoa. Hapa suala la msamiati linaacha kuwa la darasani. Mama hakuwa mzembe. Alichukua hatua haraka, na alikwenda mahali ambapo jina la ugonjwa lilimwelekeza.

Waelimishaji walijibu kwa kauli fupi: degedege ni malaria. Kauli hiyo ilikuwa na manufaa. Utafiti kuhusu kusini-mashariki ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba wengi wa walezi waliwapeleka watoto wenye degedege kwenye vituo vya afya, hata pale ambapo maelezo ya kiumbe cha angani hayakuwa yametoweka. Watu hawakulazimika kuiacha nadharia yao yote ndipo waokoe watoto wao. Stacey Langwick, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu uganga wa kusini mwa Tanzania, ametahadharisha kwamba degedege na malaria haviwezi kulinganishwa neno kwa neno, kwa kuwa kila kimoja kinajengwa na matendo yake, vifaa vyake na wataalamu wake.

Tahadhari hiyo ina faida ya kitabibu pia. Degedege huweza kuletwa na homa kali ya aina yoyote, na pengine na homa ya uti wa mgongo. Mhudumu anayeamini kwamba degedege ni malaria tu, akampa mtoto dawa ya malaria bila kumpima, amefanya kosa lile lile la kukubali jina badala ya kutafuta chanzo. Kauli iliyo salama zaidi ingekuwa ndefu kidogo: degedege ni ishara ya hatari, na mtoto awahishwe akachunguzwe. Kauli hiyo inalibakiza neno la mama na kulibadilishia kazi, kama safura ilivyobadilishiwa kazi. Degedege haiwi tena jina la mtenda. Inakuwa dalili inayomdai kila mmoja, mama na mhudumu, aendelee kuuliza.

6. Mtu ni Afya

Historia ya Tanzania ina mfano wa utafutaji wa chanzo uliofanywa na umma mzima, kwa lugha ya Kiswahili. Wakati wa uhuru Mwalimu Julius Nyerere aliyataja maradhi pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa. Kuviweka vitatu hivyo katika safu moja kulikuwa ni kusema kwamba ugonjwa hauanzi mwilini peke yake.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatenda. Yaliyozungumzwa yalikuwa malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba. Mtaalamu wa lugha hawezi kulipita jina la kampeni bila kusimama. Halisemi "mtu ana afya" wala "mtu anahitaji afya". Kitenzi kishirikishi "ni" kinaifanya afya iwe ndiyo mtu mwenyewe. Ni wazo la uzima likiwa limesemwa kwa maneno matatu, na wasikilizaji hawakuhitaji kufafanuliwa.

Kampeni hiyo inavunja dhana kwamba tiba ya kisayansi haijali chanzo. Karne moja kabla yake James Christie, tabibu aliyekuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha mwaka 1869 hadi 1870, alifuatilia njia za misafara na vyombo ili kujua ugonjwa ulitoka wapi na uliingiaje, na akachapisha matokeo yake mwaka 1876. Naye alikuwa akijibu swali la mwaguzi: nani kamleta? Tofauti ilikuwa kwamba jibu lake lingeweza kuhakikiwa.

7. Istilahi za leo na mtego wake

Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23, mwaka 2002. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1974, palikuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa hadhi kuwa taasisi. Istilahi "tiba asili" imekubalika. Hata hivyo ina utata. "Asili" ni neno la Kiarabu lenye maana ya mzizi, na kwa Kiswahili hutaja pande mbili: jambo la tangu zamani, na chanzo cha jambo. Tangazo la biashara linaposema kwamba tiba asili "hutibu ugonjwa kutoka kwenye mzizi", maana ya kwanza inaazima nguvu ya maana ya pili. Kwamba dawa imetengenezwa kwa mizizi hakuifanyi itibu mzizi. Jani la kutuliza maumivu linatuliza dalili. Bomba la maji safi, lisilo na ukale wowote, linaondoa chanzo.

Tukio la Loliondo la mwaka 2011 linafaa kukumbukwa. Maelfu ya watu walifurika katika kijiji cha Samunge kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi iliyotolewa na mchungaji mstaafu kwa maradhi mbalimbali. Liliitwa na wengi kuwa ni kurudi kwa tiba ya asili. Kwa kigezo cha lugha lilikuwa kinyume chake. Hapakuwa na kuagua wala kupima, swali la "anaumwa na nini?" halikuulizwa, kwa sababu jibu lilikuwa moja kwa wote. Mganga wa kale angeshangaa kuona dawa ikitangulia swali.

Hospitali nazo zina mtego wao. Neno "mteja" katika matumizi ya kale lilimtaja mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga. Kisha likahamia dukani, likawa jina la mnunuzi, na sasa limerudi zahanati likiwa na maana ya dukani: mgonjwa huitwa mteja ili ahudumiwe kwa heshima. Nia ni njema. Lakini mnunuzi hupewa alichoomba, akalipa, akaondoka. Mwenye kisukari au shinikizo la damu, ambaye wenyeji husema "ana presha", haponi kwa mauzo ya siku moja. Akiulizwa kiini cha presha yake aghalabu hujibu kwa neno moja: mawazo. Kiswahili hutumia neno hilo kwa fikra na pia kwa mashaka yanayomlemea mtu. Mhudumu akilichukua neno hilo kuwa mlango, atajifunza habari za kodi ya nyumba, za chumvi na mafuta ya chakula cha njiani, za usiku usio na usingizi, na za vidonge vilivyoachwa kwa kukosa nauli. Akilipuuza, ataandika vidonge vile vile kwa mara ya tano.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili kinaueleza ugonjwa kwa kitenzi kinachodai mtenda, kinamweka mgonjwa katikati ya wanaomuuguza na wanaouguliwa naye, na kinaiita afya kwa jina la ukamilifu. Rasilimali hiyo haitoshi peke yake kumponya mtu. Nafasi ya mtenda imewahi kujazwa kwa kijidudu, kwa nyongo, kwa ndege wa usiku na kwa bibi kizee asiye na hatia, na sarufi haikupinga hata mara moja. Kinachotofautisha jibu jema na baya ni uthabiti wa kuhakiki na subira ya kutoishia kwenye jina la kwanza.

Kazi ya wanafunzi na wataalamu wa lugha, kwa hiyo, ni zaidi ya kubuni istilahi za kutafsiria vitabu vya tiba. Ni kusikiliza namna wagonjwa wanavyosema, kuyaandika maneno hayo pamoja na maana zake zinazohama, na kuwafikishia wahudumu wa afya kabla vijitabu havijachapishwa na si baada. Lau uchunguzi wa neno "degedege" ungetangulia kampeni za malaria badala ya kuzifuata, huenda baadhi ya safari za kwenda zahanati zingeanza mapema.

Wahenga walisema: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Methali hiyo huelekezwa kwa mgonjwa anayeona haya kusema. Yafaa ielekezwe pia kwa anayesikiliza, kwani maradhi hufichika vilevile pale mgonjwa aliposema kwa lugha yake na asipatikane wa kumwelewa.